Siku tatu, miaka mitano, au kumwachia kamera mwenye nyumba? Njia za kutengeneza makala ya mtoto na familia iliyo kwenye shida

Kuna kazi moja nilikuwa mhariri tu, eneo la tukio sikufika. Shirika moja lilitaka makala ya dakika 8 kuhusu watoto wanaolelewa na bibi zao. Wapiga picha walikaa kijijini siku tatu, wakarudi Dar, wakanikabidhi diski. Nikawa napanga tukio la msichana wa miaka kama tisa akitoka bombani na ndoo ya lita 10 kichwani. Picha ya mbele, ndoo imejaa, maji yanacheza ukingoni. Picha ya ubavuni, robo tatu. Picha ya nyuma, ile nzuri yenye jua la jioni ambayo kila mtu aliipenda, nusu.

Nikadhani wamebadilisha ndoo. Nikarudi kwenye video ghafi, nikavaa spika za masikioni. Kumbe walimpitisha mara tatu. "Rudia mama, jua limetuharibia." Halafu, "Ya mwisho hii mama, tembea polepole." Kati ya mara ya pili na ya tatu kamera imeelekezwa chini, imesahaulika ikiwa inarekodi, unaona kandambili na mchanga tu. Maiki ikanasa kitu kidogo: maji yakimwagwa. Alikuwa anapunguza mzigo.

Hakumwambia mtu kwamba amechoka. Angemwambia nani? Alishawaamkia shikamoo, bibi yake alishawakaribisha, mwenyekiti wa kijiji alishasema wageni wametoka mbali. Mtoto wa kwetu akishafika hapo, neno "hapana" halimtoki mdomoni. Alilisema kwa ndoo.

Ndiyo maana mtu akiniuliza atumie njia gani kutengeneza makala ya mtoto aliye kwenye matatizo, sianzi na kamera wala bajeti. Namuuliza, katika njia hiyo unayoifikiria, mtoto atapata nafasi ngapi za kukataa, na akikataa utajuaje? Kipimo hicho kinazitenganisha njia zetu vizuri kuliko ubora wa lenzi. Nitazipitia nne. Sitazigawia nafasi sawa, maana nyingine nimekaa nazo miaka na nyingine nimezigusa tu.

Makala ya siku tatu

Hii ndiyo wengi wetu tunaitwa kuifanya, na ndiyo inayolipa kodi ya nyumba, kwa hiyo sitaisema vibaya kupita kiasi. Shirika lina mradi, mradi una ripoti, ripoti inataka video. Unapewa jina la familia, unapewa gari na afisa wa mradi, mnaondoka alfajiri. Siku ya kwanza mnapiga mandhari na mahojiano, siku ya pili "maisha ya kila siku", siku ya tatu mnafidia mlichokosa.

Faida yake kubwa haitajwi mara nyingi. Familia haisumbuliwi muda mrefu. Baba anayetaka kusimulia jinsi mguu wa mwanawe uliokuwa umepinda ulivyonyooshwa kwa plasta za kila wiki hahitaji mtu wa kumfuata miaka mitatu. Ana jambo moja la kusema, kliniki ipo, mtoto anakimbia uwanjani, siku tatu zinatosha kabisa. Popote ambapo habari ni huduma, na msemaji ni mtu mzima mwenye hamu ya kusema, chagua hii bila wasiwasi.

Ubaya unaanza pale mtoto anapofanywa kuwa ushahidi wa mradi. Simulizi imeshaandikwa ofisini kabla hujaonja vumbi la kule, na kazi yako ni kutafuta sura ya kuivika. Nafasi ya kukataa ni moja, nayo ni ile fomu ya ridhaa. Nimeona fomu ya kurasa mbili za Kiingereza ikisomwa kwa nusu dakika, "hapa inasema tu kwamba tunaruhusiwa kupiga picha", bibi akabonyeza dole gumba kwenye wino, basi. Mtoto mwenyewe alikuwa ameambiwa akakae kwenye kiti cha plastiki.

Kisheria fomu hiyo ina uzito wake. Tanzania Bara, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu mtoto kuwa aliye chini ya miaka 18, Zanzibar ina sheria yake ya 2011, Kenya wana ya mwaka 2022. Juu ya hizo kuna sheria za taarifa binafsi, ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023. Kwa macho ya sheria hizi sura ya mtoto, jina lake na habari za afya yake si mali ya kuokota njiani, lazima mzazi au mlezi akubali. Kama mtoto ana kesi mahakamani, hata kama yeye ndiye aliyetendewa, usitoe chochote cha kumtambulisha. Pia kuna kibali cha Bodi ya Filamu, ambacho wengi hukikumbuka polisi wa wilaya anapokiulizia. Ila sheria zote hizo zinakupa sahihi ya mkubwa. Ya mtoto unaitafuta mwenyewe, na siku tatu ni chache mno kuipata.

Ukilazimika kwenda kwa siku tatu, siku ya kwanza kamera ibaki kwenye gari. Jambo baya kuliko yote lililompata mtoto, mwulize mtu mzima, tena mtoto akiwa hayupo karibu. Mtoto apigwe akifanya kitu anachokipenda, akichora, akicheza rede, akimfukuza kuku. Mpe pia ishara. Mimi humvalisha ile maiki ya kubana shatini nikamwambia, ukiishika hivi kwa mkono sisi tunazima, hatuulizi kwa nini. Wengi huishika mara ya kwanza ili kutujaribu tu. Tunazima. Anacheka, na kuanzia hapo mnaelewana. Na ndoo hairudiwi. Jua likiharibu picha, picha imeharibika.

Kuifuata familia kwa miaka

Hapa ndipo moyo wangu ulipo, na nakiri hivyo mapema ili unisome kwa tahadhari.

Mfano ambao kila mtengenezaji wa dokumentari hurejea ni Hoop Dreams ya mwaka 1994. Steve James na wenzake walianza na wazo la filamu ya nusu saa kuhusu mpira wa kikapu mitaani Chicago. Wakajikuta wanawafuata vijana wawili, William Gates na Arthur Agee, kwa miaka mitano, wakarudi na video ya takriban saa 250, wakaibana hadi filamu ya karibu saa tatu. Mpira ulikuwa mlango tu. Ndani kulikuwa na baba aliyeondoka na kurudi, mama anayesomea uuguzi usaidizi, karo ya shule binafsi, goti lililoumia. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo ambacho mtu wa siku tatu angekikuta kimemsubiri mezani.

Kwa kipimo changu cha kukataa, njia hii inashinda zote. Mtoto anakuona mara 50. Anajifunza kwamba siku aliyosema "leo sitaki" uliondoka kweli na kesho yake ukaja bila kununa. Anakua huku kamera ikiwepo, na kile alichokiona sawa akiwa na miaka 11 anaweza kukikataa akiwa na 14. Uingereza mwaka 1964 kituo cha televisheni cha Granada kiliwahoji watoto 14 wa miaka saba, kisha Michael Apted akawa anawarudia kila baada ya miaka saba hadi walipofika 63, mwaka 2019. Njiani wapo waliojitoa. Mmoja wao, mwalimu, aliacha baada ya magazeti kumshambulia kwa maneno aliyoyasema kwenye kipindi akiwa na miaka 28, akakaa pembeni miongo, akarudi mwenyewe mwaka 2012. Mlango ulikuwa wazi kote kuwili. Sijui njia nyingine inayoruhusu kitu kama hicho.

Sasa gharama. Watu hufikiria nauli, kumbe kuna vitu viwili vinavyokula zaidi. Cha kwanza ni mahali pa kuhifadhi. Kamera ya kawaida inayoandika megabiti 100 kwa sekunde hujaza gigabaiti 45 kwa saa. Saa 250 ni gigabaiti 11,250, na ukitunza nakala mbili, kama inavyopasa, umepita terabaiti 22. Wengi wetu tuna diski mbili za terabaiti mbili zilizofungwa na mpira wa kubania noti. Fanya hesabu hiyo kabla ya kumwahidi mtu miaka mitano. Cha pili ni wewe mwenyewe. Utafiwa, utahama, utapata kazi ya mshahara, na mtoto yule bado atakuwa anakuulizia utarudi lini. Nairobi, Docubox, mfuko wa filamu ulioanzishwa na Judy Kibinge, umekuwa ukiwashika mkono watengenezaji wa dokumentari wa Afrika Mashariki katika safari ndefu za namna hii. Ukiweza, omba mapema, usisubiri uishiwe.

Halafu kuna pesa kati yako na familia, na hapa vijana wengi hukwama kwa sababu wamefundishwa kwamba kutoa chochote ni kununua ushahidi. Chicago, umeme ulipokatwa nyumbani kwa akina Agee, watengenezaji walipiga picha giza lile, na pia walisaidia umeme urudi. Filamu ilipoingiza pesa, wakagawana na familia zile. Mimi naona walifanya sawa. Utaratibu ninaoufuata ni huu: simlipi mtu kwa mahojiano, lakini hasara tuliyoisababisha sisi tunaibeba sisi. Mama lishe aliyefunga banda ili akae nasi analipwa mauzo ya siku ile. Dharura, kama ugonjwa, inapitia kwa mtu wa tatu, mara nyingi afisa ustawi wa jamii au mtu wa msikitini au kanisani, ili asione kwamba anatibiwa kwa sababu alilia vizuri mbele ya kamera. Na mgawo wa mapato, kama yatakuja, unaandikwa kwa Kiswahili kwenye karatasi siku ya kwanza.

Kisichoandikwa popote ni majirani. Gari lenu likisimama pale mara ya nne, mtaa mzima unajua kwamba nyumba ile "inaletewa hela". Nilifuata familia moja Temeke, mama na wanawe watatu, mume yuko gerezani. Kufikia mwezi wa sita mama aliniambia watu wa mchezo wa kuchangiana pesa wamemtaka atoe mchango mkubwa zaidi, na mwenye nyumba anadai kodi ya miezi sita mbele. "Nyinyi mkiondoka na kamera zenu, mimi nabaki na madeni ya utajiri nisiokuwa nao." Tukaanza kwenda kwa daladala, watu wawili, kamera kwenye mfuko wa sokoni. Ningefanya hivyo tangu siku ya kwanza kama ningekuwa na akili.

Kwa sababu hiyohiyo, usichague kufuata pale ambapo hatari ni ya leo. Mtoto anayepigwa na mtu anayelala naye nyumba moja, msichana anayefichwa asiozeshwe, familia inayotafutwa na mtu: kuja kwako mara kwa mara kunamwonyesha adui mlango. Hapo kwanza ni namba 116, simu ya msaada kwa watoto inayopigwa bure Tanzania na Kenya, na ofisi ya ustawi. Filamu baadaye, au isiwepo.

Kuwaachia kamera wenyewe

Simu zimeifanya njia hii iwe rahisi kuliko zamani, na nadhani ndiyo inayodharauliwa kupita zote, kwa sababu mpiga picha anahisi amenyang'anywa kazi. Mfano mzuri uko jirani. Kisilu Musya, mkulima wa Mutomo, kaunti ya Kitui, alipewa kamera na Julia Dahr wa Norway, akawa anarekodi mwenyewe familia yake, ukame na mvua iliyopotea. Dhoruba ilipong'oa paa la nyumba yake, aliyekuwa pale na kamera ni yeye, akiwa na mke na watoto kwenye matope. Hakuna mgeni angeipata picha ile, na kama angeipata ingekuwa na harufu ya kuibwa. Filamu, Thank You for the Rain ya mwaka 2017, ilimtaja Kisilu kama mshiriki katika utengenezaji, si kama "mhusika".

Kukataa hapa ni rahisi mno, unabonyeza kitufe. Mzazi anaamua kipi kinatoka nje ya nyumba yake. Ila angalia. Kamera umewapa, mkasi umebaki nao wewe. Saa 40 za simu zikifika mezani kwako, ukachagua dakika 20 za baba akiwa amelewa, umewatumia kama vibarua wa kujipiga picha wenyewe. Kuna filamu moja mashuhuri ya watoto wa Kolkata waliofundishwa kupiga picha, ilishinda Oscar mwaka 2005, na baadhi ya malalamiko makubwa dhidi yake hayakuhusu watoto. Yalihusu mama zao, wanawake wanaouza miili, walioonekana kwenye filamu kama kikwazo cha watoto wao wenyewe. Watoto walikuwa na kamera. Mama hawakuwa na chumba cha kuhariria.

Ukiichagua njia hii, tenga pesa za kukaa na familia kwenye uhariri angalau mara mbili, tena mwanzoni, kabla hujaipenda kazi yako. Watoto wa chini ya miaka 12 nisingewapa. Mtoto mdogo hupiga kila kitu, dada akioga, babu akiwa uchi wa ugonjwa, na si kosa lake. Kuhusu sauti, ambayo kila mtu huilalamikia, dawa yake ni maiki ya waya ya bei rahisi na somo la dakika kumi: sogea karibu, geuza mgongo kwenye upepo, zima redio ya jirani ukiweza. Na simu mliyowapa iwe yao, muandike hivyo. Nimeona mradi ukirudi kukusanya simu siku ya mwisho. Sura za wale vijana zilikuwa filamu tosha.

Kuficha uso, au kuchora

Hapa nina kosa langu la kusimulia. Tulimhoji msichana aliyekuwa ameharibiwa na ndugu. Tulijiona waangalifu: uso tulitia ukungu kwenye uhariri, jina tulibadilisha, sauti tuliishusha. Makala ikarushwa na kituo kimoja saa mbili usiku. Kabla ya saa nne mwalimu wake alikuwa ameshapiga simu kwa mama. Sweta. Lilikuwa sweta la kijani lenye mstari wa njano shingoni, na shule ya rangi hizo kwenye kata ile ni moja. Aidha alikuwa na namna yake ya kusema "eti" mwanzoni mwa kila sentensi, na hata sauti iliyoshushwa haikuificha hiyo.

Niliyojifunza ni kwamba uso unafichwa wakati wa kupiga. Ukungu wa kwenye uhariri ni kitambaa juu ya video ambayo chini yake kila kitu kipo, na video ghafi husafiri: kwa mfadhili, kwa kituo, kwenye kompyuta ya kijana wa mazoezi. Piga mikono. Piga kivuli ukutani. Piga kiti kitupu na dirisha. Nguo iwe ya kuazima, chumba kiwe cha kuazima, na simu izimwe ile huduma inayoandika mahali picha ilipopigwa. Sauti usiishushe kwa mashine, mtoto anageuka jambazi wa kwenye sinema na mtazamaji anamwogopa badala ya kumsikiliza. Mtafute msichana mwingine ayasome maneno yake yaleyale, na mtazamaji aambiwe hivyo mwanzoni.

Kuchora ni hatua mbele ya hapo. Flee, filamu ya Denmark ya mwaka 2021, inasimulia maisha ya mtu aliyeikimbia Afghanistan akiwa mtoto pamoja na familia yake. Jina analoitwa si lake na sura tunayoiona imechorwa, lakini mazungumzo ni ya kweli kati yake na mwongozaji, rafiki yake wa tangu ujana. Iliteuliwa kuwania Oscar tatu kwa mpigo, ya katuni, ya dokumentari na ya filamu ya kimataifa, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba michoro inaondoa ukweli. Kwa upande wa kukataa, mpaka mchoro wa mwisho unapokauka mtu anaweza kubadilisha mawazo: toa ule mlango, nyumba yetu usiichore hivyo, sitaki askari aonekane. Katika video, kilichopigwa kimepigwa.

Bei ndiyo inayotutoa mbio. Katuni kamili, ya vitu vinavyotembea, dakika moja inaweza kumla mchoraji wiki kadhaa. Lakini si lazima itembee. Michoro 30 ya mkaa juu ya karatasi, kamera ikiisogelea taratibu, na sauti nzuri chini yake, inabeba dakika 10 bila mtu kulalamika. Dar na Nairobi zimejaa wachoraji wa vibonzo wanaosubiri kuitwa kwa kazi isiyo ya kampeni.

Kanuni yangu ya kuficha ina pahali inapoyumba, na nisingekuwa mkweli nikiificha. Mwaka 2018 ilitoka filamu kuhusu wasichana wa wilaya ya Serengeti wanaokimbia makwao msimu wa ukeketaji wa Desemba kwenda nyumba salama ya Mugumu, inayoongozwa na Rhobi Samwelly, ambaye mwenyewe alikeketwa. Wasichana wanaonekana sura zao. Niliingia nikiwa tayari kukasirika. Nikatoka nikiwaza kwamba msichana aliyetembea usiku kucha ili asikatwe, ukimtia ukungu usoni, unaweza kumfanya aonekane kama mwenye aibu, na yeye ndiye asiye na aibu katika mkasa wote. Tofauti na msichana wangu wa sweta ni kwamba hawa walikuwa wameshasema hapana mbele ya kijiji kizima, na nyuma yao kulikuwa na nyumba, polisi na mtu wa kuwasimamia filamu ikishakwisha. Bila hivyo vitatu, mimi naficha.

Basi wewe uchague ipi

Kama mfadhili anataka sura ya mtoto na amekupa wiki moja, mpe sura ya mzazi. Nimefanya hivyo mara nyingi kuliko nilivyofukuzwa, na kwa kawaida maofisa walilalamika kwenye simu kisha wakaipokea. Kama jambo lenyewe ni la polepole, umaskini, shule, ulemavu, mzazi aliye gerezani au Uarabuni kwenye kazi za ndani, na una kazi nyingine ya kukulisha, fuata familia. Anza na mwaka mmoja, usitangaze mitano. Kama wenye nyumba wana simu na wana maneno, waachie wao halafu uende ukawe fundi wao. Kama kuna mtu anayeweza kumdhuru mtoto kwa sababu ya filamu yako, chora, au acha. Na hakuna anayekukataza kuchanganya: miaka miwili ya kufuata, na ule usiku mmoja usioonyesheka ukauweka kwenye mkaa.

Jambo moja halibadiliki kwa njia zote nne, nalo ni kuwaonyesha wenyewe kabla ya mtu mwingine yeyote. Ile ya Temeke tuliionyesha ukutani juu ya shuka, jenereta la kuazima likiunguruma nje. Bibi wa watoto alikuwa amekuja kutoka Mkuranga. Nilikuwa nimejiandaa kwa sehemu moja, dakika ya 31, ambapo analia hadi anashindwa kupumua akisimulia siku mwanawe alipochukuliwa. Tulikuwa tumebishana juu yake wiki nzima na nilikuwa tayari kuikata. Ikapita. Akatazama kimya, akajifuta kwa ncha ya kanga. Tulipowasha taa nikamwuliza, "Bibi, kuna mahali ungependa tutoe?"

"Papo hapo mwanzo," akasema. "Masufuria yangu hayajasuguliwa. Watu wataniona vipi?"

Ilikuwa picha ya sekunde tisa, masufuria matatu yamefunikwa kifudifudi nyuma ya bega lake, masizi yanaonekana. Mwongozaji aliipenda kuliko zote. Tukaikata usiku uleule, pale pale sakafuni, bibi akiwa ameinama juu ya bega langu kuhakikisha.